Siala za Ukuta wa Nasari

Kangemi, Nairobi
11 Agosti 2003

Mpendwa Waya Philister,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, na nimeisoma barua hii mara kadhaa kabla ya kuifunga, kwa sababu ile ya Pasaka uliirudisha ikiwa na wino mwekundu. Mtu ambaye waya wake, yaani shangazi yake, ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa darasa la sita hana mahali pa kujificha.

Baba ni mzima, bado yuko kwenye ujenzi upande wa Westlands. Mama anauza omena sokoni kama kawaida na analalamika juu ya kiti chake kilichovunjika. Okinyi anakusalimu. Harusi yetu tumeipanga Aprili, Mungu akipenda. Mimi bado ni karani kwa yule wakili mjini, upande wa juu wa River Road. Anasema kazi yangu haina makosa. Hata hivyo akiniita ofisini kwake natafuta kosa nililofanya, hata kama anataka chai tu.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Nasari ya kanisa letu iko palepale ulipoiona, chini ya Waiyaki Way, na malori yanapanda kuelekea Limuru yakitoa moshi mweusi. Watoto wanaingia asubuhi na kola nyeupe, wanatoka mchana na kola za kijivu. Mwalimu Anita anasema wakati wa kuimba nusu ya darasa hukohoa. Kanisa limeamua kupanda miti ukutani wakati wa mvua za vuli, na mimi nimefanywa mwandishi wa kamati.

Mwenyekiti ni Mzee Mbugua, mwenye duka la vyuma River Road. Anataka jakaranda, kwa sababu mji wote ukiwa zambarau mwezi wa kumi wageni hupiga picha. Mimi najua jakaranda huangusha majani wakati ambapo vumbi ni jingi, na mti usio na majani hauzuii chochote. Nilijua hivyo mkutano mzima na sikufungua mdomo. Niliandika tu: "Jakaranda imependekezwa."

Lakini tangu siku hiyo, saa ya chakula cha mchana, natembea mjini na vitambaa vyeupe vya mkononi. Napangusa jani la kila aina ya mti ulio kando ya barabara, kisha naangalia limeshika uchafu kiasi gani. Askari wa benki moja aliniuliza, "Madam, nani amekuandika kuosha miti?" Nilikimbia.

Nakumbuka ile miti ya siala iliyo nyuma ya nyumba yako. Mwaka ule nilioishi kwako, gari likipita barabara ya murramu vumbi lilifika hadi kwenye zile siala na kukoma. Nani alizipanda? Nisaidie kumuuliza alizipanda vipi.

Binti yako,
Ivyne

*

Ugunja
30 Agosti 2003

Mpendwa Ivyne,

Barua yako imefika ikiwa safi. Wino mwekundu umelala kwenye droo, ingawa niliufikiria pale ulipoandika kwamba ulijua na hukusema.

Huku tumevuna mahindi, si mengi. Ng'ombe amezaa jike. Mwalimu Ogutu amestaafu na sasa anapita nyumba hadi nyumba akitafuta mtu wa kubishana naye. Mwambie mama yako kiti kikivunjika kinafungwa kwa waya, hakiombolezwi.

Kuhusu miti. Siala haiachi majani yote kwa pamoja, na upande wa chini jani lake lina vinyweleo. Vumbi hukwama hapo hadi mvua ije kuliosha. Muringa, ambao Mzee Mbugua lazima aujue kwa sababu ni mti wa kwao, una jani linalokwaruza kama ulimi wa paka, nao ni mzuri vilevile, ila unataka nafasi. Mkaratusi usiukubali hata wakikupa bure. Utakunywa maji ya kisima cha kanisa na mizizi itasukuma ukuta.

Tena kumbuka jambo hili: mtoto wa nasari yuko chini. Moshi ukipita katikati ya mashina, mti mrefu haumsaidii. Kwa hiyo mbele kabisa, upande wa barabara, pandeni ua wa saiprasi ukatwe kwa kimo cha kifua, uwe mzito hadi ardhini. Nyuma ya ua zije siala.

Chimba shimo mapema, udongo wa juu uweke kando, ndio urudi kwanza. Usizike shina kupita pale lilipokuwa kwenye kikopo.

Msalimie kaka yangu Odero.

Waya wako,
Philister

*

Kangemi, Nairobi
15 Septemba 2003

Mpendwa Waya,

Tunakushukuru kwa salamu. Mama amefunga kiti kwa waya na sasa anamwonyesha kila mteja. Baba alisoma barua yako akacheka hadi pale penye siala, kisha akaikunja na kunirudishia. Mimi pia niliona kwamba hukuniambia nani alizipanda.

Waya, nilisema. Jumamosi kwenye mkutano Mzee Mbugua alikuwa tayari ameshika kalamu atie sahihi ya kununua jakaranda. Nilisimama bila kuruhusiwa na kubandika vitambaa vyangu ubaoni kwa pini, kila kimoja na jina la mti wake. Cha jakaranda kilikuwa karibu cheupe. Cha ule mti wa mpira wenye majani yanayong'aa kilikuwa na alama kidogo. Cha muringa nilioupata Jamhuri, karibu na uwanja wa maonyesho, kilikuwa kama kitambaa cha fundi wa magari. Na cha siala pia, kutoka mti mmoja tu ulio nyuma ya stendi ya Kangemi. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, lakini vitambaa havikutetemeka.

Mzee Mbugua alivaa miwani akasogea karibu. Alinusa kile cha muringa. Alisema, "Na huu ndio uchafu tunawapa watoto wavute?" Kisha alisema kwamba yeye ameuza misumari miaka mingi na hajawahi kuona hoja iliyopigiliwa namna hiyo, na watu wakacheka, na mpango wako wa saiprasi mbele na siala nyuma ukapita wote, pamoja na muringa mmoja kwenye kona ya lango. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Lakini kabla ya sala ya kufunga, mzee alisimama tena. Alisema, "Aliyechagua ndiye atapanda wa kwanza. Ivyne atapanda mbele ya kanisa lote." Wakapiga makofi. Kwao ni heshima, na yeye alitaka kuniheshimu. Hakujua. Upande wetu, wale wanaotoka magharibi, hakuna aliyepiga makofi. Mama Peres, mama yake Okinyi, aliangalia mkoba wake.

Jioni alikuja kwetu. Alinena kwa upole, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema sisi si watu wasio na kwao, kwamba mwanamke akipanda mti ni kama amemchimbia mumewe kaburi, na kwamba yeye ana mtoto wa kiume mmoja tu. Nikipanda, Aprili isahauliwe.

Mimi nimesoma, Waya. Nimepata alama nzuri za biolojia. Najua mti hauui mtu. Lakini Okinyi alipokohoa akinywa chai niliweka kikombe changu chini.

Niambie nifanye nini.

Ivyne

*

Ugunja
2 Oktoba 2003

Mpendwa Ivyne,

Sisi ni wazima. Ndama tumemwita Malkia kwa jinsi anavyosukuma wenzake.

Vitambaa vile nimemsomea Ogutu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kubishana. Vihifadhi. Siala zikikua utapangusa tena, na utakuwa na cha kulinganisha.

Miche msinunue iliyo mirefu ili kupendeza macho. Nunueni mifupi yenye shina nene. Kwenye bustani za miche kando ya Ngong Road muombe mwenyewe akutolee mmoja kwenye mfuko, uone kama mizizi imejizungusha. Ikijizungusha, mwache nao.

Hayo ya Peres nimeyasoma.

Waya wako,
Philister

*

Kangemi, Nairobi
20 Oktoba 2003

Mpendwa Waya Philister,

Baba na mama wanakusalimu. Mvua imeanza, mashimo yamechimbwa na vijana wa kanisa, na siku imetangazwa: Jumamosi tarehe 22 Novemba. Miche ya siala tumeipata, mifupi na minene kama ulivyosema. Mzee Mbugua amewanyima watu njia kwenye duka lake kwa sababu miche yote imepangwa mlangoni kati ya mabati, na kila mteja anaelezwa habari za vinyweleo vya jani. Anaeleza vizuri kuliko mimi.

Sasa nisamehe, kwa sababu nitaandika jambo ambalo mtoto hapaswi kumwandikia mkubwa wake.

Mama Peres alizaliwa karibu na kwako, wewe wajua. Juzi alimwambia mama yangu sokoni, wanawake wengine wakisikia: "Muulizeni wifi yenu Philister nani alipanda zile siala, kisha mmuulize mumewe yuko wapi." Mama alifunga biashara mapema siku hiyo. Nilimuuliza baba. Alisema, "Muulize waya wako," akatoka nje kuangalia tangi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Kila mtu amekuwa akisema Mzee Zachariah, mumeo, ndiye aliyezipanda. Nilisikia hivyo siku ya mazishi yake. Nimekuuliza mara moja hukujibu, mara ya pili ukaniambia habari za ndama.

Okinyi ametafuta njia. Ananipenda, na hataki kugombana na mama yake. Amesema siku hiyo nisimame karibu na shimo, yeye atashika mche auweke, mimi nimwage maji tu. Halafu atasema hadharani kuwa amepanda yeye kwa niaba yangu. "Watu watanyamaza, mamangu atalala, na wewe utakuwa umechagua miti yako. Nani anapoteza?" Nimekubali nusu. Nikiwaza juu ya mpango huo nahisi nafuu, kisha nahisi kama mtu aliyeandika kazi na kuacha nafasi ya jina wazi.

Nisiposikia kutoka kwako nitafanya alivyosema.

Ivyne

*

Ugunja
14 Novemba 2003

Ivyne mwanangu,

Barua hii anakuletea Mwalimu Ogutu mkononi, kwa sababu anakwenda kwa bintiye Nairobi na sitaki iketi posta. Mpe chai. Akibishana, mwache ashinde.

Nimekaa na swali lako tangu Agosti. Mara ya kwanza niliandika jibu nikalitoa, ndiyo sababu barua ile ilikuwa na habari nyingi za udongo.

Siala nilipanda mimi.

Nilipoolewa boma hili lilikuwa uwanja mtupu. Upepo ulileta vumbi la barabara hadi ndani ya sufuria. Zachariah alikuwa Kisumu, kazi ya reli. Nilimwomba apande miti, akasema akija likizo. Alikuja likizo, akalala, akarudi. Shuleni tulikuwa na miche iliyobaki, mvua ilikuwa inanyesha, na mimi nilikuwa na jembe. Nilipanda mstari mzima peke yangu.

Mama mkwe alipoona, alikaa langoni akalia kilio cha msiba. Zachariah aliitwa kutoka Kisumu kama mtu aliyefiwa. Alifika, akamkuta mamake analia, akazunguka nyuma ya nyumba. Aligusa miche yote, mmoja mmoja. Kisha alichukua ndoo akaenda mtoni, akaimwagilia. Jioni aliwaambia ndugu zake: "Ni mimi nilipanda. Nilikuja usiku nikapanda nikarudi." Hakuna aliyemwamini, lakini lilikuwa neno la mwanamume na likatosha. Mamake aliacha kulia.

Aliniokoa, Ivyne. Nilimpenda kwa hilo na ninampenda hadi leo. Aliishi chini ya miti hiyo hadi tukapata wajukuu na tumbo lake likawa kubwa, akafa kwa sukari kama babake alivyokufa, na babake hakuwa na mke aliyepanda hata mchicha. Kama ni siala zilizomuua, zilichukua muda mrefu na zilimnenepesha kwanza.

Siku ya mazishi padri alimsifu kwa miti hiyo. Mimi nilikaa palepale chini yake. Nikisema ni mimi, waseme nimemuua. Nikinyamaza, kazi yangu ni yake. Nilinyamaza. Na ona, waliojua wamenong'ona juu yangu hata hivyo. Kimya changu hakikuninunulia chochote.

Okinyi anakupa kile Zachariah alichonipa. Ni zawadi ya upendo na hana ubaya. Nami nakuambia ilinila kidogo kidogo miaka yote. Kila mgeni alipoketi kivulini na kusema, "Mzee alifanya kazi," nilimimina chai nikasema ndiyo.

Sikuamuru upande. Wewe ndiwe utakayelala na woga wako, si mimi. Nimekwambia tu bei niliyolipa, kwa kuwa uliniuliza.

Waya wako,
Philister

*

Kangemi, Nairobi
24 Novemba 2003

Mpendwa Waya,

Mwalimu Ogutu alifika salama, akanywa vikombe vyake na kumshinda baba katika hoja ya mahindi. Anarudi kesho na barua hii.

Barua yako niliisoma chooni ofisini kwa sababu ndipo pekee penye komeo. Nililia, nikanawa uso, nikarudi kupiga chapa hati ya kiwanja.

Jumamosi mvua ilikuwa imepiga usiku na udongo ulikuwa laini. Kanisa lote lilikuja, hata wasiokuja Jumapili. Mama Peres aliketi mstari wa mbele, mkoba magotini. Okinyi alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo akiwa na shati jeupe, amelikunja mikono kama tulivyopatana. Sikuwa nimemwambia lolote.

Mzee Mbugua aliita jina langu kwa sauti ya mnada. Nilichukua mche. Okinyi akanyoosha mikono kuupokea.

Nilimwambia, "Niachie. Nitapanda mwenyewe."

Aliniangalia. Akauliza chinichini, "Una hakika?"

"Sina."

Akarudisha mikono. Nilipiga magoti, Waya, na sketi yangu ya ofisini. Mfuko ulikataa kuchanika, nikauchana kwa meno. Udongo wa juu niliurudisha kwanza. Sikuzika shina. Nilipoinua kichwa Mama Peres alikuwa amefika langoni, anatoka. Hakugeuka.

Kisha nilisikia watu wakipiga makofi. Kwanza Mwalimu Anita na watoto wa nasari, baadaye wote. Mzee Mbugua alitangaza kwamba siala hii imepandwa na Ivyne binti Odero, na akamwambia mwandishi aandike, kisha akakumbuka kuwa mwandishi ni mimi. Baba yangu alikuwa nyuma kabisa. Alisogea, akachukua jembe, akachimba shimo lililofuata kuwa refu zaidi, ingawa tayari lilikuwa refu vya kutosha. Akamwita mama, akampa mche.

Okinyi hakunisemesha hadi jioni. Nilidhani yamekwisha. Alikuja na ndoo ya maji ya kisima, akamwagilia ile yangu, akasema, "Ukinizika, unizike mbali na hapo, nisiharibu mizizi." Sikuweza kucheka. Aprili bado sijui. Mama yake hazungumzi na mtu.

Lakini nimeipanda, na jina liko.

Ivyne

*

Ugunja
2 Januari 2004

Ivyne mwanangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Malkia ameanza kula nyasi na kupiga teke.

Tulikuwa na misa ya kumkumbuka Zachariah hapa chini ya siala siku moja baada ya Krismasi. Padri mpya, kijana, alitazama juu akasema mzee aliacha urithi mzuri wa kivuli. Nilisimama. Ogutu anasema nilishika kiti, mimi sikumbuki. Nilisema, "Padri, maji alimwaga yeye. Miti nilipanda mimi."

Shemeji zangu walikohoa. Padri akasema, "Basi asante, Mama," akaendelea na misa. Hayo tu. Miaka yote ile, na jambo lenyewe lilichukua muda wa kusema asante tu.

Baada ya chakula mke wa shemeji yangu mdogo alinifuata jikoni, akafunga mlango, akaniomba mbegu.

Waya wako,
Philister

*

Kangemi, Nairobi
9 Mei 2004

Mpendwa Waya Philister,

Tunakusalimu sote, na baba anauliza kama Malkia bado anatawala.

Aprili imepita bila harusi. Mama Peres alisema hatakaa meza moja na msiba. Kisha Okinyi akapata mafua mabaya, na kanisa zima likamtazama kama mtu aliyekwisha kuagwa. Nilikesha na woga ambao sitauandika. Akapona. Jumapili iliyofuata aliimba kwa sauti kuliko kwaya, ili kila mtu asikie mapafu yake.

Saiprasi zimefika magotini mwangu. Siala yangu imenipita bega kwa mvua hizi. Juzi nilipangusa jani lake kwa kitambaa kipya, na nimekuwekea ndani ya bahasha. Usikioshe. Hicho cheusi ni kile ambacho hakikuingia darasani. Anita anasema ni mapema mno kusema kuhusu kikohozi, nami nimeandika hivyohivyo kwenye ripoti, kwa sababu ni kweli. Lakini kanisa la Jamhuri limetuma watu waje kuona ukuta wetu, na Mzee Mbugua amenituma niwaeleze. Niliwaeleza. Sauti ilitetemeka kidogo tu, mwanzoni.

Jumatano nilipitia nasari baada ya kazi. Mbuzi wa jirani alikuwa ameingia, na Mama Peres alikuwa anamfukuza kwa mwavuli, akimtukana kwa Kijaluo, amesimama kati yake na siala yangu. Aliponiona alishusha mwavuli.

Nilimsalimu. Alijibu. Kisha akasema anakwenda zake, kwamba hakuja kwa ajili ya mti wowote, ni vile tu hapendi mbuzi asiye na adabu. Akatengeneza kanga yake akafika langoni, na hapo akageuka.

"Agosti haina mvua," alisema. "Watu huolewa Agosti."

Ivyne